Je, Wajua? Mchanga kwa 39, Mzee kwa 46

Sogea kwenye benchi, leo tunahesabu miaka. Miaka yako wewe, ile iliyo kwenye cheti cha kuzaliwa, ambayo mwajiri huisoma kabla hajajua unaweza kufanya nini.

Je, wajua kwamba Mtanzania mwenye miaka 39 ni mchanga mno kugombea urais, na mwenye miaka 46 ni mzee mno kuomba ukarani serikalini? Katiba, ibara ya 39, inataka mgombea urais awe ametimiza miaka 40. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira nayo yanataka mwombaji asizidi miaka 45, labda awe tayari yuko kazini serikalini. Piga hesabu: kuanzia 40 hadi 45, miaka 6 tu, ndipo mtu mmoja anapofaa Ikulu na masijala kwa pamoja!

Huamini? Kasimame mbele ya ubao wa matangazo wa halmashauri, Mbulu mjini au Katesh, popote palipo karibu nawe. Ruka cheo, ruka ngazi ya mshahara, shuka mpaka palipoandikwa masharti ya jumla. Kwa kawaida sharti la kwanza kabisa ndilo hilo, uraia na miaka 45, na hapohapo chini yake watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Mlango mmoja umefunguliwa na mwingine umefungwa, kwenye karatasi moja yenye mhuri mmoja.

Je, wajua Hanang ilimtoa Waziri Mkuu aliyeteuliwa akiwa na miaka 45? Frederick Sumaye alizaliwa Mei 1950 na akaapishwa Novemba 1995. Angechelewa nusu mwaka na akawa anaomba kazi ya ofisi badala ya uwaziri mkuu, mtandao wa ajira ungemkataa! Alikaa kwenye kiti hicho miaka 10, mpaka 2005.

Bado hujasikia yote. Alipotoka madarakani, Sumaye, akiwa amevuka miaka 55, alirudi kukaa darasani. Alikwenda Harvard, Marekani, akasoma hadi shahada ya uzamili. Wewe uliyesema umri wa daftari umekupita, umesikia?

Je, wajua kwa nini ni 45 na si 47 au 50? Toa 45 kwenye 60, umri wa lazima wa kustaafu utumishi wa umma: inabaki 15. Zidisha miaka 15 kwa miezi 12, unapata 180, na miezi 180 ya kuchangia mfuko ndiyo kiwango cha chini cha kupata pensheni ya kila mwezi. Hesabu imekaa sawasawa hata unatamani kuipigia makofi! Ila mimi nauliza: kama tatizo ni pensheni, kwa nini mtu asiambiwe tu kwamba atalipwa mkupuo, kisha aachiwe achague mwenyewe?

Je, wajua sheria ya kazi imetaja umri kwa jina? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya umri. Neno hilo limekaa meza moja na kabila, rangi, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na Virusi vya Ukimwi. Na si kosa la kukemewa ofisini tu. Kubagua ni kosa la jinai!

Hebu subiri, kuna tamu zaidi. Kwenye kifungu hichohicho, neno mwajiriwa linamjumuisha hata anayeomba kazi. Yaani hujalipwa hata shilingi moja, hujapewa hata kiti, na tayari sheria inakulinda. Tangazo la mgahawa linalotaka mhudumu wa miaka 18 hadi 25 linakugusa siku uliyopeleka barua, si siku ya kwanza kazini.

Je, wajua kuwa ukileta ushahidi wa mwanzo tu, mzigo unahamia kwa bosi? Wewe unaonyesha kwamba dalili za ubaguzi zipo. Yeye ndiye atakayethibitisha kuwa hakubagua, au kwamba kazi yenyewe kwa asili yake ilidai umri ule. Wengi hukata tamaa wakidhani wao ndio watakaobeba kila kitu mpaka mwisho. Sasa unajua.

Je, wajua kila mwajiri anatakiwa kusajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi kazini? Imeandikwa kwenye kifungu hichohicho cha 7. Muulize bosi wako mpango wake uko wapi, kisha mtazame usoni!

Je, wajua hata askari hawakuachwa nje? Sheria hiyo kwa ujumla wake haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza wala JKT. Lakini vifungu vya 5, 6 na 7, yaani utumikishwaji wa watoto, kazi ya shuruti na ubaguzi, vinawahusu. Na bado matangazo ya polisi ya miaka ya karibuni hayamtaki mwenye kidato cha nne aliyevuka miaka 25. Wao watasema kazi ya kukimbiza wezi inadai miguu michanga. Haya, tuzungumze basi habari za miguu.

Je, wajua kwamba aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alikuwa na miaka 36? Ni Mamo Wolde wa Ethiopia. Miaka 4 baadaye, kule Munich, alirudi akiwa na miaka 40 na akaondoka na shaba! Polisi wetu wangemwambia amechelewa kwa miaka 15.

Na unajua nani aliingia uwanjani siku hiyohiyo ya Mexico zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde? John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, goti limefungwa bendeji, anachechemea. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye ndiye wa 57. Dunia inaikumbuka picha hiyo tu na kusahau kwamba miaka 2 baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishika nafasi ya 5 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5.

Sasa shika hii: Aprili 2008 Mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam kuelekea Beijing, mmoja wa walioubeba alikuwa Akhwari huyohuyo. Alizaliwa 1938. Piga hesabu mwenyewe, mimi nacheka tu hapa.

Upande wa pili je? Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, mwaka 1978 akiwa na miaka 20. Mwaka 1982, Brisbane, akaongeza dhahabu ya mita 10,000. Wilaya mbili jirani, mmoja miaka 20 na dhahabu, mwingine anakaribia 70 na mwenge.

Maana kijana naye hubaguliwa kwa umri wake, usifikiri ni shida ya wenye mvi peke yao. Tangazo likisema uzoefu usiopungua miaka 5 kwa kazi ya kupanga mafaili, aliyemaliza chuo jana amefungiwa nje bila umri wake kutajwa popote. Mimi huo nauita ubaguzi uliovaa tai.

Je, wajua sheria yetu inamlinda kijana mahali ambapo ya Marekani haimlindi? Sheria yao ya ubaguzi wa umri ya mwaka 1967 inaanza kukujali ukifika miaka 40. Na mwaka 2004, mwaka uleule tuliotunga ya kwetu, Mahakama yao ya Juu iliamua kuwa mdogo hawezi kuitumia kulalamika kwamba mkubwa amependelewa. Ya kwetu inasema umri, basi. Haikutaja wa juu wala wa chini. Waingereza nao walisubiri mpaka 2006 ndipo wakaweka kanuni za namna hiyo.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Je, wajua Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inapoeleza maana ya kubagua inataja utaifa, kabila, mahali mtu anapotokea, siasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha, na umri haimo? Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, imeutaja. Hata Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, haukuutaja.

Je, wajua jaji wa miaka 61 huwa amechoka au bado mbichi kutegemea jengo alilomo? Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akitimiza miaka 60. Wa Mahakama ya Rufani hustaafu kwa 65. Profesa na daktari bingwa wa serikali nao husogezwa mpaka 65, na mbunge hana ukomo kabisa, akishapita 21 anaweza kugombea mpaka wapiga kura wachoke wenyewe!

Kenya majaji huenda hadi 70, na aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Kalpana Rawal, na Jaji Philip Tunoi walikwenda mahakamani wakidai haki ya kubaki mpaka 74. Mwaka 2016 walishindwa. Uganda wao waliikata kamba yenyewe: Desemba 2017 waliondoa ukomo wa miaka 75 kwa mgombea urais, na wa chini wa miaka 35 ukaondoka nao.

Je, wajua Mwalimu Nyerere alikuwa na miaka 39 siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961? Kwa kipimo cha leo cha urais alipungukiwa mwaka mmoja. Salim Ahmed Salim naye alikwenda Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22, umri ambao leo kijana anaambiwa alete kwanza barua ya uzoefu.

Na uzeeni? Mwalimu alisuluhisha mgogoro wa Burundi mpaka alipofariki mwaka 1999 akiwa na miaka 77. Kazi ikahitaji mrithi, ikapewa mtu mwenye miaka 81: Nelson Mandela! Mkataba ulitiwa saini Arusha, Agosti 2000, wakati Mbulu na Hanang zingali mkoa huohuo wa Arusha, kabla Manyara haijazaliwa 2002.

Sasa twende Yaeda, maana hapa ndipo mimi mwenyewe huwa nashindwa kutulia kitini.

Je, wajua kwamba bibi wa Kihadzabe humshinda mwanamke kijana kwa saa za kazi? Mwaka 1989 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walichapisha matokeo ya kuwafuata Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ambao wengine wao wako bonde la Yaeda wilayani Mbulu. Wanawake waliokwisha kuacha kuzaa walitumia muda mrefu zaidi porini kutafuta chakula kuliko wanawake vijana. Si kidogo, na si siku mojamoja.

Na usidhani wanaokota matunda kivulini. Bibi huchukua mti wake wa kuchimbia, ncha imechongwa na kukaushwa motoni, anapiga magoti na kufukua mizizi chini ya mawe ambayo mtoto hawezi kuifikia. Mama aliyejifungua akishindwa kwenda mbali, mizizi ya bibi ndiyo inayomlisha mtoto aliyetangulia. Kutoka hapo watafiti wakajenga hoja iliyozunguka dunia nzima: huenda binadamu anaishi miaka mingi baada ya uzazi kwa sababu bibi anafanya kazi!

Je, wajua Mhadzabe mtu mzima hutumia wastani wa dakika 135 kwa siku katika shughuli za kumtoa jasho? Ni utafiti wa 2017, na ulionyesha kwamba umri ukisogea nguvu hiyo haiporomoki kama tulivyozoea mjini. Wewe wa kupanda bodaboda mita 300, nyamaza kidogo.

Hii ya mwisho kwa Yaeda, ninaipenda kuliko zote. Mwaka huohuo wa 2017, David Samson na wenzake waliwapima usingizi Wahadzabe 33 kwa siku 20. Katika siku zote hizo 20, ukijumlisha, muda ambao wote 33 walikuwa usingizini kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu! Wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa kulala, hivyo kambi haikosi macho. Mwajiri anayemkataa mlinzi wa usiku wa miaka 58 angelala kambini siku moja.

Wairaqw nao wana kazi ambayo umri ndio sifa ya kuipata. Slufay, ile dua ndefu yenye ushairi, hutolewa na mzee anayeijua, na waliokaa humwitikia. Hapo mwenye shahada na miaka 26 anaitikia tu!

Je, wajua Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake? Asiyefika miaka 18 haruhusiwi kukaa, lakini mwenye miaka 90 anakaa bila swali. Kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wanaomshauri mwenyekiti huitwa wazee wa baraza. Nenda mnada wa Katesh nako: mwenye jicho la kumjua fahali mgonjwa kwa kumtazama anavyotembea haulizwi cheti cha kuzaliwa.

Halafu kuna senti. Je, wajua halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu? Mzee mwanamume wa miaka 63, mzima wa viungo, jembe mkononi, vitunguu saumu vyake shambani Mbulu, fungu lake ni sifuri. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila aliyefika miaka 70 hulipwa pensheni jamii, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara, hakuna ya namna hiyo.

Je, wajua Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa mtu 1 kati ya 2 duniani ana mtazamo wa kibaguzi kuhusu umri? Takwimu zilitoka nchi 57. Yaani kwenye benchi hili, kati yangu na wewe, mmoja wetu ndiye! Na Ulaya, ripoti hiyohiyo inasema, wanaolalamika zaidi kubaguliwa kwa umri ni vijana.

Tanzania nako zamu ya vijana kuzeeka foleni imefika. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira walipaza sauti wakiwa na umoja wao, baadhi yao wamehitimu tangu 2015. Aliyemaliza chuo 2015 akiwa na miaka 27 alitimiza 37 akingali anasubiri usaili, na ile miaka 45 haimsubiri yeye.

Umefika mwisho wa benchi, basi chukua hii ya kuondokea, maana ina tarehe. Ukiachishwa kazi, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukinyimwa kazi au kubaguliwa kwa njia nyingine, una siku 60. Mtumishi wa umma huanzia kwanza kwenye ngazi za Tume ya Utumishi wa Umma. Kwa Manyara ofisi ya usuluhishi iko Babati, na ukitoka Mbulu unateremka Magara mpaka Mbuyu wa Mjerumani, unashika lami. Beba tangazo lenyewe, nakala ya barua yako na majibu uliyopewa, ujaze Fomu Na. 1. Siku ya 61 utaanza kwa kuomba kusamehewa ucheleweshaji, na msamaha huo hautolewi bila sababu nzito.